Sheldrick Falls si ya wenye Prado

Wacha niseme mapema ndio ujue mahali nasimama: msitu ambao huwezi kuingia bila gari ni msitu wa wenye magari. Unaweza kuuita mali ya Wakenya wote na kupandisha bendera getini, lakini kama msee wa Kangemi au Kawangware hawezi kuufikia kwa mathree na miguu yake, huo msitu ataujua kwa simu tu. Na msitu unaoujua kwa simu hutaupigania siku tingatinga zitakapoujia.

Naongelea Shimba Hills, Kwale. Kama hujawahi kuusikia, sishangai. Hapa Kanairo mtu akisema anaenda pwani anamaanisha mchanga, madafu na picha ya jua likichomoza Diani. Lakini ukivuka Likoni, ukapita Kombani na kuanza kupanda kuelekea Kwale mjini, hewa inabadilika. Vilima vya pale vinafika zaidi ya mita 400 juu ya bahari. Upepo wa Bahari Hindi unakuja umebeba unyevu, unagonga vilima, unapanda, unapoa, unageuka ukungu na mvua. Ndiyo maana juu kuna msitu mzito wa mvua, na chini ni minazi na mikorosho.

Ulitangazwa msitu wa serikali mwaka wa 1903, ukawa hifadhi ya taifa mwaka wa 1968. Ndani kuna ndovu, nyati, mbega, na palahala, yule mnyama ambaye dume lake ni jeusi na pembe zimepinda nyuma kama jambia. Kenya nzima, palahala wa porini wamebaki hapo tu. Chemchemi za Marere zilizo humo zimekuwa zikipeleka maji Mombasa tangu enzi za ukoloni. Yaani kuna watu wa Mombasa wanaopikia chai maji ya msitu ambao hawajawahi kukanyaga.

Halafu kuna maporomoko. Yanaitwa Sheldrick Falls, jina la David Sheldrick, yule mkuu wa kwanza wa Tsavo East, na yana urefu wa karibu mita 21. Matembezi yanaanzia Elephant Hill (si ile ya Aberdare inayowatoa watu roho kila Jumamosi), unashuka kama kilomita mbili na askari wa KWS mwenye bunduki.

Nimeishuka hiyo njia mara moja, tukiwa tumebanana kwenye gari la binamu ya rafiki yangu. Juu pale ni nyasi na upepo, na siku ikiwa safi unaona bahari kwa mbali. Askari anawapa maagizo: mstari mmoja, kelele hapana, usibaki nyuma ukijipiga picha. Hatua chache tu mko chini ya miti na jua limezimwa. Joto linabaki, ila linakuwa la majimaji, tishati inakushika mgongoni. Maji unayasikia kabla ya kuyaona. Chini kuna kidimbwi. Mnavua viatu, mnaingia, na kila mtu anakuwa mtoto wa darasa la nne. Kupanda kurudi ndio kazi. Msee mmoja wetu anayejiita mtu wa jimu aliomba mapumziko mara nne.

Manze, ile siku ilinifanyia kitu ambacho mihadhara ya chuo haikuwahi kunifanyia. Nataka kila kijana wa mtaa wangu aipate. Hapo ndipo hesabu inapoanza.

Kutoka Nairobi, SGR ya kawaida ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024, ama uchukue basi la usiku hapo town. Feri ya Likoni ni bure kwa anayetembea kwa miguu. Kutoka Likoni kuna mathree za Kwale siku nzima. Kiingilio unalipia kwa eCitizen. Mpaka hapo, kijana anayeweka mia mbili kila wiki anaweza kufika, hata kama itamchukua miezi.

Shida inaanzia getini. Kati ya geti na Elephant Hill kuna barabara ya vumbi, ndovu na nyati. Kutembea peke yako huwezi, na hiyo sheria mimi naiunga mkono. Nyati hajali una wafuasi wangapi. Kwa hivyo lazima uwe ndani ya gari. Gari la kukodi siku nzima ndilo linalomeza bajeti yote. Niliwahi kuuliza bei ya wikendi kwenye kampuni moja ya safari hapa town. Bei waliyonitumia kwa simu ingelipa kodi ya bedsitter yangu miezi miwili na ikabaki ya gesi.

Kwa hivyo kinachomzuia kijana si umbali wa kilomita mia tano kutoka Nairobi. Ni zile chache za mwisho. Umefika Kwale, unauona msitu, na hauwezi kuingia.

Na usiniambie ndivyo hifadhi zilivyo. Angalia Hell's Gate. Unapanda mathree hadi Naivasha, unakodi baiskeli, unaingia, unapita pundamilia kwa kanyagio zako. Ndio, kuna hatari. Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliua watu saba kwenye korongo la pale, na hilo hatupaswi kulisahau. Lakini dawa ya hatari kama hiyo ni mwongozaji anayejua mto na onyo linalofika mapema. Kuwa na gari hakukuokoi na maji ya korongo.

Vuka mpaka uende Udzungwa, Tanzania, hifadhi ya taifa tangu 1992. Kule wana maporomoko ya Sanje, mita 170, mara nane ya Sheldrick. Ndani ya hifadhi hakuna barabara za gari. Basi linalotoka Mikumi kwenda Ifakara linapita Mang'ula, karibu na geti. Unashuka, unalipa, unapewa mwongozaji, unatembea. Waziri akija anatembea. Mwanafunzi akija anatembea. Jasho ni lile lile.

Hata hapo Kwale kwenyewe jibu lipo. Ukishukia Ukunda, boda inakufikisha Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo, mmoja kati ya misitu ya kaya za Mijikenda iliyoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka wa 2008. Wenyeji wanakufunga kitambaa cheusi kiunoni, wanakupeleka kwa miguu, wanakueleza kila mti unatibu nini, na unatoka bila kubeba hata jani. Pesa inabaki kwa watu wa pale. Hakuna anayekuuliza umekuja na gari gani.

Sasa rudi Nairobi, maana nataka uone kwa nini hii si stori ya watu wa likizo tu.

Karura. Leo ni mahali pa kukimbia, pa deti ya kwanza, pa kuendesha baiskeli hadi kwenye maporomoko na mapango ambayo wapiganaji wa Mau Mau walijifichia. Lakini Januari 1999, Wangari Maathai alikwenda pale na jembe na miche kwa sababu ardhi ya msitu ilikuwa imegawiwa wajenzi, na alipasuliwa kichwa na vijana wa kukodiwa. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakaingia barabarani kwa ajili ya msitu. Walikuwa rika letu. Hawakuwa na simu za kamera, walikuwa na miguu.

Kwa miaka kadhaa baadaye Karura ilibaki mahali pa kuogopwa. Mtu akikuambia amepita humo peke yake ulimwombea. Kilichoibadilisha ni ua, walinzi, njia zenye alama, na watu. Watu wengi wakitembea kila siku. Na mwaka wa 2024 zilipotokea habari za ekari za Karura kutolewa kwa upanuzi wa Kiambu Road, kelele ilipigwa siku hiyo hiyo. Waliopiga hawakuwa wanamazingira wa kulipwa peke yao. Kwenye simu yangu niliona wakimbiaji, akina mama wa kutembeza mbwa, mbogi za baiskeli, watu waliochumbiwa chini ya mti fulani pale ndani. Kila mtu alikuwa na njia yake anayoijua kwa miguu.

Linganisha na msitu wa Ngong Road, ulio karibu zaidi na sisi watu wa magharibi mwa jiji. Southern Bypass imeupasua. Uliza watu kumi hapo steji ya Kawangware kama wamewahi kuingia ndani. Mimi nimeuliza. Jibu la kawaida ni, "Kwani huwa kunaingiliwa?"

Hiyo ndiyo hoja yangu yote. Anayetembea msituni ndiye anayekuwa askari wake bila mshahara. Ukimfungia kijana nje kwa sababu hana gari, umejinyima askari.

Najua mtakachosema.

Mtasema watu wakiwa wengi watachafua. Sawa, hofu ni ya kweli. Lakini plastiki za kutumia mara moja zilipigwa marufuku kwenye maeneo ya hifadhi tangu tarehe 5 Juni 2020, na sheria hiyo inamhusu mwenye Prado na aliyekuja na mathree vile vile. Kagua mabegi getini. Ukiona mtu ametupa chupa, mfukuze, hata akiwa na kamera ya laki mbili.

Mtasema wenyeji wana shida kubwa kuliko kijana wa Nairobi anayetaka kuogelea. Hapo mko sawa kabisa, na ndiyo sababu nyingine ya kubadilisha mambo. Watu wanaopakana na Shimba Hills wameishi na ndovu kwenye mashamba yao kwa miaka. Mwaka wa 2005 ilibidi KWS ihamishe ndovu wapatao 150 kutoka pale hadi Tsavo East. Jirani, huko Mwaluganje, wakulima walitoa ardhi yao kuanzia 1995 ndovu wapite, ili wao wagawane mapato ya watalii. Sasa niambie, mtalii anayekuja na gari la kampuni ya Diani, chakula kimefungwa, maji yamo ndani, anaacha shilingi ngapi Kwale mjini? Kijana aliyekuja na mathree atakula mahamri na mbaazi pale pale, atalala kwenye gesti ya pale pale, atapanda boda ya pale pale. Sisi ndio wateja wa Kwale, tukiruhusiwa kufika.

Kwa hivyo naomba vitu vitatu, na hakuna hata kimoja kinachohitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Kwanza, mathree moja ya viti 14 kila Jumamosi na Jumapili, kutoka Kwale mjini hadi Elephant Hill na kurudi, kwa saa zinazojulikana. KWS ikubaliane na sacco ya pale. Hili si jambo geni: KWS iliwahi kuendesha basi la wikendi kutoka town hapa Nairobi kwenda Nairobi National Park, na watu wasio na gari wakaona simba. Kama iliwezekana Moi Avenue, inawezekana Kwale.

Pili, vijana wa Kwale wafunzwe kuongoza matembezi ya maporomoko pamoja na askari. Askari abebe bunduki, wao wabebe stori: majina ya miti kwa Kidigo na Kiduruma, dawa, mizimu, nani alikata nini na lini. Walipwe kwa kichwa, hapo hapo, kwa simu.

Tatu, bei ya vijana. Sehemu nyingi zina bei ya wanafunzi, na ni vizuri. Lakini mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Kitambulisho cha mwanafunzi sina tena, na ada ndiyo ilinitoa huko, kwa hivyo punguzo linaniruka mtu niliyelihitaji zaidi. Tumia kitambulisho cha taifa: chini ya miaka 25, bei ya chini, kwisha.

Na wewe unayesoma, una kazi pia. Ukienda mahali, weka hesabu yote kwenye posti yako: nauli, kiingilio, gari lilikuwa la nani. Video nyingi za maporomoko zinaonyesha maji yakianguka polepole na muziki wa kinanda, kana kwamba mtu aliamka tu akajipata pale. Bei ikifichwa, aliye mtaani anadhani ni yeye tu anayeshindwa. Mimi huweka mpaka shilingi ya choo.

Halafu anza na ulio karibu. Jumamosi hii ukiwa na mia chache, nenda Karura ama uulize njia rasmi ya kuingia msitu wa Ngong Road, muwe wengi, mtembee. Jua mti mmoja kwa jina. Siku mtu akija na ramani na tingatinga, utakuwa na kitu cha kusema zaidi ya emoji ya moto.

KWS, kaunti ya Kwale, sacco za Likoni: jaribuni miezi mitatu tu, kuanzia Desemba, Wanairobi wakiwa wamejaa huko tayari. Viti 14 visipojaa, nitagni mbele ya watu wote mniambie nilikuwa napiga domo. Vikijaa, ongezeni gari la pili.