Bunia: Kode QR za wanafunzi zianzie kwenye bomba la maji, zisianzie hotelini

Kila mwaka vyuo vya Bunia vinatoa vijana waliosoma enformatike. Kabla ya kutoka, mwanafunzi anaandika kazi yake ya mwisho, anaitetea mbele ya walimu, jamaa wanapiga makofi na kupiga picha, kisha kitabu kinaingia kabatini. Programu aliyoitengeneza kwa usiku mwingi bila usingizi inabaki ndani ya kompyuta yake mpaka mashine iharibike. Hiyo ni hasara kwa mji wenye vijana wa akili lakini wenye njaa ya habari za kweli.

Kati ya kazi ambazo vijana hao wanaweza kuzifanya kwa vyombo walivyo navyo leo, kuna moja inayofaa mji huu: programu ya simu, ile wanayoiita aplikasyo, inayosoma kode QR zilizobandikwa fasi mbalimbali za mji. Wazo ni zuri na halidai pesa nyingi. Lakini faida yake itategemea swali moja: kode ya kwanza itabandikwa wapi, na kwa ajili ya nani? Ikianzia kwenye hoteli na magazeni ya Boulevard de la Libération, itakuwa pambo. Ikianzia kwenye bomba la maji, kituo cha afya na mlango wa kambi ya wahami wa vita, itasaidia watu.

Kwanza tueleweshane kitu chenyewe. Kode QR ni kile kichoro cha mraba chenye vidoti vyeusi na vyeupe. Ilibuniwa Japani mwaka 1994 na Masahiro Hara na wenzake wa kampuni ya Denso Wave, ili kufuata vipuri vya magari kiwandani. Kampuni hiyo iliamua kutowadai malipo wanaoitumia. Ndiyo maana mwanafunzi wa Bunia anaweza kutengeneza kode elfu moja bila kulipa franka hata moja kwa wenye ubunifu. Tena kode hiyo ni mvumilivu: ikitengenezwa kwa kiwango chake cha juu cha kujisahihisha, hata karibu asilimia 30 yake ikichafuka au kupasuka, simu inaweza bado kuisoma. Kwa mji wenye vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa mvua, hilo si jambo dogo.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Kode si lazima impeleke mtu kwenye intaneti. Inaweza kubeba maandishi yenyewe ndani yake. Tangazo fupi la maneno hamsini linaingia bila taabu, na simu inalionyesha hata kama mwenyewe hana mega. Mwanafunzi anayejua hilo ataanza kazi yake tofauti na yule anayedhani kwamba kila mtu mjini ana intaneti mfukoni.

Mfano wa nje unaweza kusaidia. Mwaka 2012, Monmouth, mji mdogo wa Wales huko Uingereza, ulibandika kode kwenye majengo yake mengi. Kila kode ilifungua makala ya Wikipedia kuhusu fasi ile, tena kwa lugha ya simu ya msomaji kama makala ilikuwepo kwa lugha hiyo. Wageni walifurahi na mji ukajulikana. Lakini wakubwa wa Monmouth hawakubandika kode peke yake: waliweka pia intaneti ya bure mjini. Anayetaka kuiga kode bila kuangalia kile kilichokuwa nyuma yake ataiga nusu ya kazi.

Bunia haina hiyo nusu ya pili, na haina sababu ya kuingojea. Shida yake ni nyingine. Tangu mwisho wa mwaka 2017, vita katika tarafa ya Djugu vimefukuza familia nyingi vijijini mwao. Wengine wako katika kambi ya Kigonze, wengine wanaishi kwa jamaa na marafiki katika kata za mji, ambako hakuna orodha inayowaonyesha. Mtu aliyekimbia na watoto hajui mji. Hajui ni kituo gani cha afya kinapokea mtoto mwenye homa usiku. Hajui ni biro ipi inaandika watoto wachanga. Anauliza barabarani, na anayemjibu mara nyingi anakisia tu. Akikosea njia, anapoteza siku nzima, na siku hiyo ndiyo aliyopaswa kutafuta kibarua ili watoto wale jioni.

Chukua kuandikisha mtoto. Sheria ya jamaa ya Kongo, tangu ilipobadilishwa mwaka 2016, inawapa wazazi siku 90 kuandikisha mtoto aliyezaliwa, na ndani ya siku hizo kazi ni ya bure. Mama wengi wa kambini hawajui hesabu hiyo, na wanapoambiwa walipe, wanalipa au wanarudi nyumbani. Karatasi yenye kode kwenye ukuta wa uzazi, ikisema kwa Kiswahili siku ni ngapi, biro iko wapi na kwamba hakuna malipo, ingemlinda mama huyo kuliko hotuba kumi. Vilevile kwa shule: masomo ya msingi katika shule za serikali yalitangazwa kuwa ya bure tangu mwezi wa Septemba 2019, lakini mzazi mhami akifika mlangoni na kuombwa pesa, hana pa kuthibitisha anachodaiwa.

Habari isipofika, uvumi unachukua fasi yake. Mlipuko wa Ebola wa mwaka 2018 mpaka 2020, uliopiga zaidi Kivu ya Kaskazini na Ituri, uliua watu zaidi ya 2,200. Wakati ule kulikuwa na watu waliowakimbia waganga, na waganga walioshambuliwa, kwa sababu ya maneno yaliyopita mdomo kwa mdomo. Kode kwenye ukuta haiwezi kumaliza uvumi. Inaweza tu kumpa mtu fasi moja ya kuhakikisha, ikiwa yeye anajua nani ameandika na lini.

Wapo watakaosema: mhami anahitaji unga, hahitaji kode. Wana haki kwa sehemu. Kode hailiwi. Lakini hata unga unapitia habari: siku ya ugawaji, fasi ya ugawaji, majina yaliyomo na yasiyomo. Aliyekosa tangazo anakosa unga, hata kama jetoni iko mkononi mwake.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni lile la simu. Wahami wengi wana simu ndogo ya vitufe isiyo na kamera inayosoma kode, au hawana kabisa. Kuchaji ni kwa pesa. Wengine hawakusoma. Programu inayosahau watu hao itahudumia wale ambao tayari wanajua njia. Kwa hiyo wanafunzi wafuate kanuni chache, na walimu wao wawapime kwa kanuni hizo siku ya kutetea kazi.

Kwanza, kila kode iandamane na maneno yaleyale, yameandikwa kwa herufi kubwa kando yake. Asiye na simu asome, asiyesoma asomewe na mtoto wake. Pili, programu ikishapakuliwa mara moja ihifadhi habari zake ndani ya simu, na vijana waweze kupeana kwa Bluetooth bila kutumia mega, kama wanavyopeana nyimbo. Tatu, iwe na sauti. Mtu akisoma kode, asikie maneno kwa Kiswahili cha hapa, na ikiwezekana kwa Kilendu, Kialur na Kibira. Kifaransa kije mwisho. Nne, maneno hayohayo yafike kwenye redio za mji, ili yasomwe hewani siku ileile yanapobadilishwa. Redio inaingia hata katika hema lisilo na simu ya kamera.

Tano ni usalama, na hapo mzaha haufai. Kode yoyote inaweza kufunikwa na nyingine. Mwizi anachapa yake, anaibandika juu, na aliyekuja kutafuta siku ya ugawaji anajikuta kwenye ukurasa unaomwomba namba ya siri ya Airtel Money au M-Pesa. Watu wafundishwe mapema: kode ya habari haiombi namba ya siri hata siku moja. Na programu ya wanafunzi ikubali tu kode zilizotolewa na wao, ikatae nyingine.

Tena programu isiulize jina, kabila, wala kijiji ambako mtu ametoka. Katika jimbo ambalo watu wameuawa kwa sababu ya vitu hivyo, orodha ya majina ya wahami ndani ya simu ya mwanafunzi ni silaha inayongoja mkono mbaya. Kongo ina sheria ya mambo ya dijitali tangu tarehe 13 Machi 2023, nayo inagusa ulinzi wa habari za mtu binafsi. Lakini njia ya kwanza ya kulinda siri ya mtu ni kutoichukua. Kumwonyesha mama njia ya kwenda kituo cha afya hakuhitaji kujua anaitwa nani.

Kuhusu ruhusa, vijana wasifanye kwa kujificha. Ituri iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi mwezi wa Mei 2021, na kijana anayepita akibandika michoro isiyoeleweka kwenye kuta na kupiga picha anaweza kuchukuliwa kuwa mtu mwingine. Meria, wakuu wa kata na maprezida wa kambi waelezwe mbele. Hiyo itachelewesha kazi, lakini pia itawapa watu sababu ya kuamini karatasi ile.

Linabaki jambo linaloua kazi nyingi za namna hii: nani atabadilisha habari baada ya mwanafunzi kupata diploma yake? Kituo cha afya kinahama, bomba linakauka, siku ya ugawaji inasogezwa. Kode inayosema uongo ni mbaya kuliko ukuta mtupu, maana mtu atatembea juani kwa kuiamini. Chuo kinachokubali kazi kama hii kikubali pia kwamba wanafunzi wa mwaka unaofuata wataipokea na kuiendeleza, na kwamba kila karatasi itaandikwa tarehe ya mwisho iliyohakikishwa. Kode isiyo na tarehe ing'olewe.

Wala wasianze na mji mzima. Kode kumi zinatosha kwa mwanzo: bomba mbili, vituo viwili vya afya, shule mbili, biro moja ya kuandikisha watoto, soko moja, na mbili Kigonze. Baada ya mwezi mmoja wanafunzi warudi kwa miguu, waketi na wamama, waulize nani alisoma, nani alishindwa, na nani alidanganywa. Majibu ya wamama hao yaandikwe kwenye kitabu cha mwisho wa masomo na yahesabiwe kwenye alama.

Wahami nao wana lao. Ikitokea vijana wamekuja kambini na karatasi zao, wasipokelewe kama watu wa kugawa msaada, wala wasifukuzwe kama watu wa kupoteza muda. Waulizwe maswali matatu: nani ameandika habari hii, ni ya tarehe gani, na ikiharibika tumwite nani? Kijana atakayeshindwa kuyajibu akunje karatasi zake, akafanye kazi tena. Atakayeyajibu, apewe ukuta.