Cha Bure Kina Bei Yake

Mwaka huu nimepewa nafasi katika kurasa hizi za chama chetu, nami sikusudii kuitumia kwa kuandika juu ya umuhimu wa miti au madhara ya dawa za kulevya, mada ambazo wenzangu wamezichambua hadi zikabaki mifupa. Nataka kusema juu ya burudani. Najua wapo watakaoguna, "Ala! Kidato cha tatu na burudani wapi na wapi?" Hao nawaomba wavute subira kidogo. Subira, walisema wahenga, huvuta heri.

Sisi wanafunzi wa shule ya kutwa tuna burudani za aina mbili. Ya kwanza ni ile tunayoifuata wenyewe: tamthilia ukumbini, tamasha la muziki, ngoma. Hiyo ni ya kulipia, nasi huipata mara moja au mbili kwa mwaka. Ya pili ni ile inayotufuata sisi, tupende tusipende: redio ya matatu asubuhi, runinga ya nyumbani jioni, vipaza sauti vya maduka pale stendi. Hiyo huitwa ya bure. Maoni yangu ni kwamba hiyo ya bure ndiyo ghali, na ile ya kulipia ndiyo nafuu. Ubaya ni kuwa mwenzetu asiye na pesa za langoni ndiye anayeachiwa hiyo iliyo ghali.

Tuanze na redio. Mimi hupanda matatu saa kumi na mbili na robo asubuhi. Wakati huo watangazaji wawili, mwanamume na mwanamke, huwa tayari wanacheka. Wanacheka nini? Hata wao sidhani wanajua. Wanaweka wimbo. Kabla haujakolea, mtangazaji anaurukia kwa sauti yake nzito, anamsalimu shemeji yake, anataja nambari ya simu mara tatu, anatuuliza kama tumeamka, na akinyamaza wimbo nao umekwisha. Hebu fikiria: mtunzi alikesha akipanga beti zake, mwimbaji akaimba mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, halafu mtu mwingine anakuja kupiga soga juu yake! Ni kama kualikwa chakula, kisha mwenyeji akawa anatia mkono katika sahani yako kila ukitaka kula.

Baada ya nyimbo huja mazungumzo ya mume na mke. Siwezi kuyaandika hapa kwa sababu mlezi wa chama atayafuta yote. Ndani ya matatu yumo mama na mtoto wa chekechea, yumo mzee mwenye Biblia mkononi, tumo sisi wenye sare. Basi abiria wote hugeuka wakatazama nje ya dirisha kana kwamba tumeagizwa kuhesabu miti. Ukimwomba makanga apunguze sauti, anakuuliza kama gari ni la babako. Na si kwamba nchi haina kanuni. Kanuni za utangazaji zinasema kuwa tangu saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku, stesheni zisitoe mambo yasiyowafaa watoto. Saa kumi na mbili na robo ni usiku wa nchi gani?

Kisha yanafuata matangazo ya kamari. Haya ndiyo yanayonichoma zaidi. Sheria hairuhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, lakini sijapata kuona sheria inayoziba masikio yake. Mwezi wa Aprili mwaka 2025 bodi ya serikali inayosimamia michezo hiyo ilisimamisha matangazo yake yote kwa siku 30, na moja ya sababu zilizotolewa ilikuwa watoto wanaovutiwa nayo. Hilo ni jema. Hata hivyo, ukisimama uwanjani wakati wa mapumziko utawasikia wenzetu wakiyaimba maneno ya matangazo hayo kwa ufasaha, wale wale ambao wakiambiwa wataje ngeli tatu tu huanza kutazama dari. Hii ndiyo bei ya cha bure. Hukutoa hata ndururu, ila umelipa kwa kichwa chako.

Runinga nayo ina vituko vyake. Kipindi kinasikika vizuri, mara linaingia tangazo la sabuni, sauti inapanda ghafla na mtoto aliyelala anaamka akilia. Halafu kuna zile tamthilia za kutoka ng'ambo zilizotiwa sauti: mdomo wa msichana umekwisha kufunga, maneno bado yanatoka! Chini ya kioo nako unapita utepe mwekundu wa habari za hivi punde, ambazo ni za tangu jana.

Na Kiswahili chenyewe, jamani! Katika taarifa ya saa moja usiku utamsikia mwanahabari akisema kuwa watu watano "wameweza kupoteza maisha yao" katika ajali. Wameweza? Kana kwamba kufa ni mtihani waliokuwa wakihangaika kuufaulu! Mwingine anatuambia kuwa mvua "imeweza kunyesha kwa masaa mengi." Tukiandika hivyo katika insha, mwalimu wetu anatumia kalamu nyekundu mpaka wino unaisha. Lakini mtu wa runinga hasahihishwi, na sisi tunamsikia kila jioni, mwalimu tunamsikia vipindi vichache tu kwa wiki. Nani atashinda?

Sitaki mtu aseme kuwa nachukia vyombo vya habari. La hasha! Nyanya yangu hunieleza jinsi kijiji kizima kilivyokuwa kikikusanyika kwenye nyumba moja yenye runinga kutazama Vitimbi na Vioja Mahakamani. Marehemu Benson Wanjau, ambaye nchi nzima ilimjua kama Mzee Ojwang, alipofariki mwaka 2015 nyanya alisikitika kama aliyefiwa na jirani. Vipindi vile navyo vilikuwa vya bure. Lakini mtu aliandika maneno, mwingine akayajifunza, na mtazamaji akaachwa acheke mwenyewe pahali pa kuchekea. Kwa hiyo ugomvi wangu si na chombo. Ugomvi wangu ni na dharau.

Sasa tuje kwenye jukwaa. Muhula wa pili tulipelekwa Nairobi kutazama Bembea ya Maisha, tamthilia ya Timothy Arege ambayo tunaisoma darasani. Nilikuwa nimeisoma mara mbili na nilidhani naijua. Kumbe karatasi ni karatasi. Mwigizaji wa Sara alipojaribu kuinuka kwenye kiti na nguvu zikamwishia, ukumbi wote ulinyamaza, hata wale wa nyuma waliokuwa wakitafuna njugu. Yona alipoingia, na ulevi wake, tukacheka. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo nimelifikiria mpaka leo: mwigizaji alitungoja. Alisimama kimya, akatuacha tucheke mpaka tukamaliza, ndipo akaendelea na maneno yake. Tangu nizaliwe redio haijawahi kuningoja!

Hii ndiyo tofauti ninayotaka muishike. Jukwaani yule anayesema anajua kuwa wewe upo. Ukiguna anasikia, ukisinzia anaona, ukikohoa anapandisha sauti. Hakatizwi na sabuni wala kamari. Kwa saa mbili nzima nilikisikia Kiswahili kikisemwa na watu wenye hasira, wenye mapenzi na wenye uchungu, si na mtu anayesoma mbio ili aende matangazo ya biashara. Maneno ambayo nilikuwa nimeyapigia mstari kitabuni bila kuyaelewa yalifunguka yenyewe.

Hata ukumbini lakini kero haikukosekana. Mbele yangu alikaa kijana wa shule nyingine ambaye aliinua simu tangu pazia lilipofunguliwa mpaka lilipofungwa. Sara wangu nilimwona kupitia kioo kidogo kama kiganja! Na yeye mwenyewe hakuona mchezo, alikuwa akiutunza ili autazame baadaye. Ati baadaye! Tumezoezwa na vyombo vya bure mpaka tukipewa kitu kizima tunakikatakata wenyewe.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Safari ile ilikuwa shilingi 500: shilingi 300 za basi na shilingi 200 za langoni. Darasa letu lina wanafunzi 47. Waliokwenda ni 29. Wenzetu 18 walibaki darasani wakinakili muhtasari, na tuliporudi tukiigiza sauti ya Yona na kucheka, wao walitutazama tu. Mmoja wao ni jirani yangu wa dawati. Mamake anauza sukumawiki, na wiki ile shilingi 500 zilikuwa za unga. Huyu ndiye mwanafunzi anayehitaji jukwaa kuliko sisi sote, kwa maana Kiswahili anachokipata nje ya darasa ni kile cha matatu. Na karatasi ya tatu ya mtihani wa taifa haitamwuliza kama alikwenda Nairobi. Itamwuliza maswali yale yale tutakayoulizwa sisi.

Mtu atasema, "Basi tufanyeje? Tamthilia ni ya ukumbini, na ukumbi uko mjini." Sikubali. Mwalimu wetu wa historia alitufundisha juu ya Kamirithu, hapa hapa Limuru. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa viwandani walijijengea wenyewe jukwaa la wazi, lenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000, wakaigiza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Serikali ya wakati ule iliusimamisha mchezo baada ya majuma machache, na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa. Hayo ya siasa nawaachia wanahistoria. Mimi nashika moja tu: hawakungoja kupelekwa mjini. Jukwaa lao halikuwa na paa, na watu walifurika.

Kwa hivyo nina maombi matatu.

Kwanza, kwa watangazaji, kama jarida hili litawafikia: acheni wimbo uishe, na mkumbuke kuwa asubuhi tumo ndani ya gari.

Pili, kwetu sisi watazamaji: tukiingia ukumbini simu ibaki mfukoni. Aliye jukwaani anatungoja, nasi tumngoje.

Tatu, na hili ndilo kubwa, kwa mwalimu mkuu, mlezi wa chama na wazazi: mwaka ujao tusiende kwenye tamthilia, tuialike ije. Kikundi tulichokitazama kilikuwa na waigizaji 11. Je, si rahisi kuwasafirisha watu 11 kuja kwetu kuliko wanafunzi zaidi ya 100 kwenda kwao? Zile shilingi 300 za basi zitaondoka. Tukiwaalika na wenzetu wa shule jirani, hata zile 200 za langoni huenda zikapungua. Bwalo letu linatosha, na mvua isiponyesha uwanja unatosha zaidi. Chama cha Kiswahili kinaweza kuuza chai na mandazi siku hiyo ili kuwalipia watakaokosa kabisa. Mimi niko tayari kubeba viti.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Tukiridhika na kile kinachoingia masikioni bure, tusishangae insha zetu zikianza kunuka matangazo. Anayetaka kunijibu, kurasa za mwakani zi wazi. Anayekubaliana nami asingoje mwakani: mkutano wa chama ni Alhamisi baada ya masomo, na hoja hii nitaileta kwa maandishi.