Wazee wa miaka 80 bado wanacheza, Josh Gibson hakupewa hata mechi moja

Kule St. Petersburg, Florida, kuna klabu ya softiboli inayoitwa Kids and Kubs. Usidanganywe na jina. Hao "watoto" ni wazee wa robo tatu ya karne, na klabu yao ipo tangu mwaka 1930. Sehemu nyingine za Marekani kuna mashindano ya wazee yanayoanzia miaka 50, na wachezaji hupangwa kwa umri mpaka kundi la 80 na zaidi.

Softiboli ni mdogo wake besiboli. Ilianza Chicago mwaka 1887, vijana walipofunga glavu ya ndondi ikawa mpira na kuipiga kwa mpini wa fagio, tena ndani ya ukumbi. Kwa wazee imelainishwa zaidi. Mpira unarushwa taratibu kutoka chini, unapanda juu kisha unashuka kwa mpigaji. Mara nyingi kunawekwa kituo cha pili cha kumalizia, ili mkimbiaji asigongane na mdakaji. Na magoti yakigoma, unapiga mwenyewe halafu mwenzako anakukimbilia.

Lakini piga hesabu kidogo. Mzee wa miaka 80 leo alikuwa kijana mwaka 1961. Mwaka huo, katika mji huohuo wa St. Petersburg, timu mbili kubwa, New York Yankees na St. Louis Cardinals, zilikuja kujiandaa na msimu kama kawaida. Wachezaji weupe walilala hotelini. Wenzao weusi, wa timu ileile, walitafutiwa nyumba za watu mitaani. Aliyekuwa akisaidia kuwatafutia, daktari Ralph Wimbish, kiongozi wa chama cha kutetea haki za weusi mjini hapo, akasema sasa basi, hatafuti tena, hoteli ziwapokee. Na hii ni miaka 14 baada ya Jackie Robinson kuvunja ubaguzi uwanjani, Aprili 15, 1947. Kwa hiyo tukisema "historia" hapa, hatuzungumzii enzi za mababu waliokufa. Watu walioiona bado wanashika rungu na kupiga.

Ndiyo maana uamuzi wa Mei 2024 ulikuwa mzito kuliko ulivyoonekana kwenye simu zetu. Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani, MLB, iliingiza rasmi kwenye vitabu vyake takwimu za Ligi za Watu Weusi za mwaka 1920 hadi 1948. Wachezaji zaidi ya 2,300 wakaingia kwa mpigo. Mwaka 1969 kamati ilikaa kuamua ligi zipi za zamani zihesabiwe kuwa kubwa, ikapitisha sita, na za weusi haikuzitaja kabisa.

Aliyebadilisha vichwa vya habari ni Josh Gibson, mdakaji wa Homestead Grays. Wastani wake wa kupiga ni .372, yaani alifanikiwa mara 372 katika kila mara 1,000. Ty Cobb, aliyekaa kileleni miaka mingi, ana .367. Gibson alimpita pia Babe Ruth kwa nguvu ya mapigo, .718 dhidi ya .690.

Kelele zikaanza. Wapo waliosema si haki: Gibson alipiga mara elfu mbili na ushei, Cobb zaidi ya elfu kumi na moja. Hoja hiyo ina uzito, siipuuzi. Ila jiulize ni nani aliyesababisha Gibson awe na mechi chache. Msimu rasmi wa ligi za weusi ulikuwa mfupi, na ili timu ziishi zilizunguka mji hadi mji kucheza mechi za maonyesho ambazo hazihesabiwi. Milango ya ligi kubwa ilikuwa imefungwa kwa rangi. Humfungii mtu nje halafu unamlaumu kwa kutokula mezani. Na Cobb mwenyewe hakuwahi kukutana na mrushaji mweusi katika mechi ya ligi hata mara moja. Mbona hilo halikuhesabiwa dosari?

Gibson alifariki Januari 20, 1947, akiwa na miaka 35. Miezi mitatu haikufika, Robinson akaingia uwanjani.

Kazi yenyewe haijaisha. MLB ilisema rekodi za miaka hiyo zimepatikana kwa karibu robo tatu tu, nyingi kutoka kwenye magazeti ya watu weusi kama Pittsburgh Courier na Chicago Defender, na namba zinaweza kubadilika kadiri karatasi za zamani zinavyopatikana.

Karatasi zinaweza kusubiri, watu hapana. Juni 18, 2024, Willie Mays, aliyeanzia Birmingham Black Barons, alifariki akiwa na miaka 93. Siku mbili baadaye MLB ilicheza mechi Rickwood Field, uwanja wa zamani wa timu hiyo huko Alabama. Mpira wa ufunguzi ulirushwa na Bill Greason, aliyecheza naye Black Barons mwaka 1948. Alikuwa na miaka 99.