Mfumo usiomjua mtumiaji ni hasara kwa mwenye hisa

Wawekezaji wadogo wana desturi ya kusoma mizania ya kampuni, kutazama gawio na bei ya hisa, kisha kuishia hapo. Ni nadra kumkuta anayeuliza iwapo waliobuni mfumo unaouzwa na kampuni hiyo walifikiria utawafanya nini watu watakaoutumia.

Biashara ya fedha kwa simu nchini Kenya imelijibu swali hilo mara mbili, kwa namna mbili tofauti.

M-Pesa ilipoanza kujaribiwa Oktoba 2005, haikukusudiwa kutumiana fedha. Ilibuniwa ili wateja wa Faulu, taasisi ya mikopo midogo, wapokee na kurejesha mikopo yao kwa simu. Wateja wakaigeuza. Wapo waliolipana wenyewe kwa wenyewe kwa bidhaa na huduma. Wapo walioweka fedha kwa wakala kabla ya safari na kuzitoa walikofika, na wenye biashara walilaza humo mauzo ya siku kwa kuwa benki zilikwisha kufungwa. Ilikuwa rahisi kusema wateja wanakosea. Waliosimamia jaribio hawakusema hivyo. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, kilichotangulizwa ni kutuma fedha nyumbani, tena kwa simu ya bei ndogo kabisa. Mwaka 2008 hisa za Safaricom ziliuzwa kwa umma kwa Sh 5 za Kenya. Baadaye bei ilishuka chini ya hapo, na walioumia hawajasahau, lakini mwaka 2021 ilipita Sh 40. M-Pesa si sababu pekee, ila ni kubwa.

Jibu la pili lilitolewa na programu za mikopo ya simu. Baadhi yake zilibuniwa kusoma orodha ya namba zilizomo katika simu ya mkopaji. Mama wa genge akichelewa kulipa, anapigiwa mkwewe, au mchungaji wake. Huo haukuwa utovu wa adabu wa karani mmoja. Ulikuwamo katika mfumo tangu mwanzo.

Gharama ikaja. Aprili 2020 Benki Kuu ya Kenya iliwazuia wakopeshaji wasiosimamiwa kupeleka majina ya wadaiwa kwenye taasisi za taarifa za mikopo. Sheria ikarekebishwa Desemba 2021, na kanuni za Machi 2022 zikapiga marufuku kutumia orodha hiyo ya namba kudai madeni. Hadi Septemba 2022, kati ya waombaji leseni 288, waliopewa walikuwa 10.

Wapo wanaodai kwamba kuchunguza maisha ya watumiaji ni kazi ya mashirika ya misaada na huchelewesha faida. Hoja hiyo isidharauliwe: jaribio la M-Pesa hadi uzinduzi lilichukua karibu mwaka na nusu, na fedha iliyolala ina gharama. Lakini leseni inayosubiriwa nayo ina gharama, na hiyo haimo katika kitabu cha matarajio ya kampuni. Mwenye hisa 100 ana haki ya kuuliza katika mkutano mkuu ni wateja wangapi waliojaribu bidhaa kabla haijauzwa, na walilalamikia nini.