Soma na Aya ya Kumi

Anayetaka kuyapima mafundisho ya injili ya mafanikio asianze kwa kumkejeli mhubiri. Aifungue Yeremia 29. Aya ya 11, ile ya mawazo ya amani inayobandikwa hata kwenye vioo vya daladala, hutolewa kama ahadi ya gari na nyumba kabla mwaka haujaisha. Lakini sura hiyo ni barua kwa mateka wa Yuda walioko Babeli. Aya ya 10 inataja miaka 70: wengi waliosomewa wangezikwa ugenini. Aya ya 5 inawaambia wajenge nyumba na kupanda bustani. Ya 8 inawaonya wasidanganywe na manabii, na sura ya 28 imekwisha kumwonyesha nabii wa uongo Hanania, aliyeahidi kurejea kwa mateka ndani ya miaka 2. Hapo mhubiri wa haraka anafanana zaidi na Hanania kuliko Yeremia. Atajibu kwamba Neno ni hai na linatuhusu sote. Sawa, ila barua haisomwi kwa kunyofoa mstari mmoja. Linalotuhusu ni tumaini lile lile la kusubiri huku mikono ikifanya kazi. Na msumeno huu hukata mbele na nyuma: mkosoaji naye asinyofoe sentensi moja ya mahubiri akaiita imani nzima.