Mzazi Aarifiwe Kila Juma

Katika shule nyingi za msingi nchini, mzazi huitwa shuleni kwa mambo matatu: mtoto wake ametenda kosa, shule imepungukiwa madawati, au muhula umekwisha na ripoti ziko tayari. Nje ya hayo, shule na nyumbani ni kama vijiji viwili vilivyotenganishwa na mto usio na daraja. Mtoto ndiye anayevuka peke yake kila asubuhi na kila jioni, na kila upande hujua kile tu ambacho mtoto huyo amependa kukisimulia.

Tangu shule zinapofunguliwa mwezi Januari hadi ripoti za Juni zinapotolewa hupita majuma 20 hivi. Mtoto wa Darasa la Pili aliyeshindwa kuunganisha silabi mwezi Februari huendelea kuketi darasani, akiitikia pamoja na wenzake kwa sauti moja, na nyumbani hakuna anayejua. Mwezi Juni mzazi hupokea karatasi yenye alama na maneno mawili: "Aongeze bidii." Kumpa mzazi habari hiyo wakati huo ni sawa na kumwambia mkulima kwamba viwavi wameingia shambani mwake wakati mahindi yamekwisha kuliwa.

Dawa ya jambo hili si ngeni, wala haihitaji fedha za wafadhili. Kila mwalimu wa darasa hana budi kuwapelekea wazazi, kila Ijumaa, barua fupi isiyozidi ukurasa mmoja wa daftari. Barua hiyo ieleze darasa limejifunza nini katika juma hilo, litajifunza nini juma lijalo, na mzazi afanye nini nyumbani ili kumsaidia mtoto. Basi.

WAZO LENYE MIZIZI

Wapo watakaoliona jambo hili kuwa mtindo wa shule za watu wenye fedha, ambako mzazi anayelipa karo kubwa hupewa habari kama mteja wa duka. Watu hao wamesahau historia ya nchi yao. Siasa ya Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa na Mwalimu Nyerere mwezi Machi 1967, ililaumu elimu ya kikoloni hasa kwa kosa la kumtenga mtoto na jamii iliyomzaa. Shule ilitakiwa iwe sehemu ya kijiji, na kijiji kiwe sehemu ya shule. Bustani ya shule na shamba la shule vilikuwa njia za kufikia shabaha hiyo. Havikuwa shabaha yenyewe.

Aidha, nchi hii imewahi kuonyesha kwamba habari fupi, inayotolewa kwa utaratibu kila juma, inaweza kubadili maisha ya watu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma vijitabu vyepesi. Kila kikundi kilisikiliza, kikajadili, kisha kikatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Wengi wa watu hao walikuwa ndio kwanza wamejifunza kusoma, na wengine hawakujua kabisa. Hawakungoja mwisho wa mwaka waletewe ripoti ya hali ya afya ya kijiji. Walipewa jambo moja la kufanya kwa wakati wake, wakalifanya.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza kwamba kila mtoto aliyefikia umri wa kwenda shule apate nafasi ifikapo Novemba 1977. Kazi hiyo ilikuwa kubwa mno, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 shule za msingi zilikuwa na wanafunzi zaidi ya milioni 3. Azimio hilo hilo lilitaka pia mwanafunzi apimwe kwa kazi na mwenendo wake wa kila siku, wala si kwa mtihani wa mwisho peke yake. Hoja hiyo ya pili ndiyo inayopaswa kukumbukwa leo. Ikiwa maendeleo ya mtoto ni jambo la kila siku, kwa nini mzazi aelezwe mara mbili tu kwa mwaka?

MZAZI ALIYEWEKWA KANDO

Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, na mpango wa elimu bila ada ukapanuliwa kuanzia Januari 2016 hadi Kidato cha Nne. Hatua hizo zilifungua milango kwa watoto wa wakulima na wafanyakazi ambao vinginevyo wangebaki nyumbani. Hakuna mpenda haki anayetamani kurudi nyuma.

Hata hivyo, kuna madhara ambayo hayana budi kusemwa wazi. Zamani mchango, pamoja na ubaya wake wote, ulimleta mzazi shuleni. Alikuja akinung'unika, lakini alikuja, na akiwa pale aliuliza habari za mtoto wake. Mchango ulipoondolewa, halikuwekwa jambo jingine la kumkutanisha na mwalimu. Wapo wazazi waliotafsiri kwamba Serikali imebeba kila kitu, hata daftari, hata kumwamsha mtoto asubuhi. Ilibidi Serikali itoe waraka mwingine mwaka 2016 kueleza wajibu uliobaki kwa mzazi, kama vile sare, madaftari na chakula. Lakini waraka huo uliorodhesha vitu vya kununua. Namna ya kushiriki katika masomo yenyewe bado mzazi hajaonyeshwa.

Matokeo ya kutengana huko yamekwisha kuonekana. Kuanzia mwaka 2010, tathmini za Uwezo, ambazo huwapima watoto majumbani mwao, zilionyesha mara kwa mara kwamba watoto wengi wa Darasa la Tatu hawakuweza kusoma hadithi fupi ya kiwango cha Darasa la Pili. Mwaka 2012 ilibainika kwamba maelfu ya wanafunzi waliochaguliwa kuingia Kidato cha Kwanza hawakujua kusoma wala kuandika. Watoto hao walikuwa wamekaa shuleni miaka saba. Kila jioni ya miaka hiyo walirudi nyumbani kwa baba na mama, na wengi wa wazazi hao waliamini kwa moyo safi kwamba mambo yanakwenda vizuri.

Ni kweli kwamba hatua zilichukuliwa. Kuanzia mwaka 2015 mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili ulielekezwa katika kusoma, kuandika na kuhesabu. Lakini hakuna mtaala unaoweza kukaa na mtoto jioni kibarazani. Anayeweza kufanya hivyo ni mzazi, na mzazi hawezi kusaidia jambo asilolijua.

BARUA YENYEWE

Inafaa kutoa mfano ili hoja isibaki hewani. Mwalimu wa Darasa la Tatu anaweza kuandika hivi: "Juma hili tumejifunza kuzidisha kwa sita na kusoma habari ya safari ya sokoni. Juma lijalo tutaanza kugawanya. Nyumbani, muulize mtoto: mafungu sita ya nyanya, kila fungu shilingi 500, ni shilingi ngapi? Mwambie akusomee ukurasa mmoja kwa sauti. Siku ya Jumatano watoto tisa hawakufika shuleni. Tafadhali tusaidiane katika mahudhurio. Darasa limepanda miche ya mchicha, nayo imeshika."

Barua hiyo ina sentensi chache tu, lakini tazama kazi yake. Mama anayeuza nyanya gengeni, ambaye pengine hakumaliza shule, anatambua kwamba hesabu anayofundishwa mwanawe ni ile ile anayoifanya yeye kila siku bila karatasi. Kuanzia hapo yeye si mtazamaji tena. Ana jambo la kumuuliza mtoto, na akiona mtoto anababaika, analo jambo la kumuuliza mwalimu.

Yapo mambo mawili ambayo barua hii isiyabebe kamwe. La kwanza ni majina ya watoto waliofanya vibaya, kwa sababu aibu haijamfundisha mtu kusoma, na habari za mtoto mmoja ni za mzazi wake na mwalimu wake. La pili ni michango. Siku barua ya darasa itakapoanza kudai fedha, ndiyo siku wazazi watakapoacha kuisoma.

PINGAMIZI

Pingamizi la kwanza litatoka kwa walimu, nao wana haki ya kusikilizwa. Kiwango kilichowekwa ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, na shule nyingi zimekipita kwa mbali. Mwalimu huyo huyo anaandaa azimio la kazi, andalio la somo na shajara, anasahihisha madaftari, anajaza takwimu. Kumwongezea mzigo mwingine bila kufikiri kungekuwa dhuluma. Lakini yaliyomo katika barua ya Ijumaa yamekwisha kuandikwa katika andalio lake la somo. Kinachotakiwa ni kuyatoa katika lugha ya ukaguzi na kuyaweka katika lugha ya nyumbani.

Pingamizi la pili ni karatasi. Mpango wa mwaka 2016 ulipoanza, ruzuku ya uendeshaji ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, na sehemu ya fedha hizo ilikatwa kwa ajili ya vitabu. Hakuna mwalimu mkuu atakayechapisha barua kila juma kwa fungu la namna hiyo, wala hana haja. Kuanzia Darasa la Tatu, mwalimu aiandike barua ubaoni katika kipindi cha mwisho cha Ijumaa, na watoto wainakili katika madaftari yao. Kunakili huko ni zoezi la mwandiko na tahajia. Kwa madarasa mawili ya chini, mistari mitatu inaweza kubandikwa mlangoni, nao kaka na dada wa madarasa ya juu wakaipeleka nyumbani.

Pingamizi la tatu ni kwamba wapo wazazi wasiojua kusoma. Ni kweli. Ushindi mkubwa uliopatikana katika kampeni za kufuta ujinga za miaka ya 1970 haukulindwa, na sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba zaidi ya mtu mmoja kati ya watano alikuwa hajui kusoma na kuandika. Lakini barua hii huletwa nyumbani na msomaji wake. Mtoto aisome kwa sauti mbele ya wazazi, kisha mzazi atie sahihi au alama ya dole gumba. Mtoto asiyeweza kusoma barua aliyoinakili yeye mwenyewe atakuwa ametoa habari kubwa kuliko zote zilizoandikwa ndani yake.

Wapo pia wanaosema kwamba simu za mkononi zimemaliza tatizo hili. Mahali ambapo kila mzazi ana simu ya kupokea ujumbe, na itumike. Lakini shule ya umma haiwezi kuweka utaratibu unaomfikia mwenye uwezo na kumwacha bibi anayelea wajukuu kijijini. Daftari humfikia kila mmoja.

WAJIBU WA WATUMISHI NA CHAMA

Hatari kubwa kwa wazo hili ni urasimu. Ni rahisi kwa afisa aliye wilayani kuona jambo linalofanya kazi, akalitungia fomu yenye safu 12, akataka nakala tatu na muhtasari wa kila mwezi. Yakitokea hayo, mwalimu ataandika kwa ajili ya afisa, na mzazi atasahauliwa tena. Maafisa Elimu Kata wanaotembelea shule wakitaka kujua kama barua zinakwenda, wasiombe jalada. Wapite katika nyumba mbili tatu za jirani, waombe kuona daftari la mtoto. Na kama Halmashauri inataka walimu waifanye kazi hii kwa moyo, basi iwapunguzie taarifa moja kati ya zile ambazo hakuna anayezisoma.

Kamati za shule zimo katika Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, na zina uwezo wa kulipokea jambo hili katika kikao kimoja, bila kungoja waraka. Zikilijadili, zisijadili majengo peke yake kama ilivyo desturi, bali ziulize pia watoto wanajifunza nini ndani ya majengo hayo.

Jumuiya ya Wazazi ya Chama Cha Mapinduzi nayo ina deni la kihistoria. Chimbuko lake ni TAPA, umoja wa wazazi wa Tanganyika ulioanzishwa mwaka 1955, ambao ulijenga shule kwa nguvu za wananchi wakati Mwafrika alipokuwa akinyimwa nafasi. Wazazi hao hawakungoja kuitwa shuleni. Wanachama wa leo katika matawi na mashina wanaweza kuanza kwa kuuliza swali moja tu kila Ijumaa jioni katika nyumba zao: "Darasani mmejifunza nini juma hili?" Wala jambo hili lisipewe sura ya itikadi. Shule ya msingi ni ya watoto wote, na barua ya darasa humwendea kila mzazi bila kuuliza kadi yake.

Walimu wanajua, kuliko mtu mwingine yeyote, upweke wa kumvuta mtoto ambaye nyumbani hakuna anayemsukuma. Sentensi tano zilizoandikwa ubaoni siku ya Ijumaa zinaweza kuupunguza upweke huo. Shule zisingoje mwaka mpya wa masomo wala semina ya uzinduzi, bali zianze Ijumaa hii kwa darasa moja. Baada ya muhula mmoja wazazi wa darasa hilo waulizwe kama wangependa barua hizo zikome.