JINA HALIKUNGOJA MZUNGU AULIZE



Muhula huu tuliombwa darasani kila mmoja aandike jina la kwao limetoka wapi. Karatasi zilipokusanywa tulizisoma, na kwa kweli tulishangaa. Karibu nusu zinaeleza hadithi moja tu: mzungu alifika, akanyosha kidole, akauliza "Hapa ni wapi?", mtu akazani anaulizwa juu ya kitu kingine, akataja kile kitu, mzungu akaandika. Basi, kwisha, mji umepata jina.

Tuchukue Bukavu. Kwa Mashi nkafu ni ng'ombe, na wazee wanaeleza kwamba Bukavu ni Bunkafu, ni kusema mahali pa ng'ombe. Maelezo hayo yanatosha. Lakini katika karatasi zetu mzungu ameingizwa tena, na mchungaji (wa ng'ombe, si wa kanisa) amesimama mbele yake bila kuelewa. Sisi tunauliza: mbele ya huyo mzungu kufika, watu wa pale walikuwa wanapaita namna gani? Walikuwa wanaambiana "twende kule" bila jina? Mtu anayechunga ng'ombe anajua jina la kila kilima na kila kijito. Hadithi hiyo inachekesha, ndiyo, lakini inamfanya babu yetu kuwa mjinga, na jina lake kuwa kosa la masikio ya mgeni.

Tena wazungu walipotaka kutoa jina hawakuuliza mtu. Waliandika Costermansville, kwa heshima ya mkubwa mmoja wa serikali yao, na jina hilo likakaa mpaka 1954. Kiisha Bukavu likarudi, miaka 12 mbele ya Élisabethville kuwa Lubumbashi na Stanleyville kuwa Kisangani, katika 1966. Na Lubumbashi ni jina la mto. Mto ulikuwa nalo mbele ya mji kujengwa.

Sasa tuje kwa neno ambalo pengine litasumbua wengine. Hadithi zilizo nzuri kupita zote hazikutoka darasani. Zilitoka katika zile nyumba za kasiksi za zamani, kando ya barabara ya Bukavu kwenda Goma. Tunajua shule yetu ni ya Kiprotestanti, na hatuandiki ili mtu aende kunywa. Lakini ba papa na wajomba wetu wangali wanazikumbuka kwa furaha. Kamyo ilikuwa inapita Kalehe, Nyabibwe, Minova, Sake, kilomita karibu 200 za kona, na mvua ikinyesha shofere analala njiani. Analala wapi? Kwa mama fulani mwenye nyumba ya udongo, benchi mbili, mtungi na mirija. Ndizi zilivundikwa mpaka ziive, zikakamuliwa kwa majani, maji yake yakachanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, yakalala siku mbili tatu. Asiyekunywa (walikuwako, hata Wakristo wetu walilala pale) alipewa mutobe, ni kusema yale maji ya ndizi mbele hayajachacha, na sambaza za kuchoma.

Pale ndipo shofere wa Goma alieleza kwamba mlima Karisimbi unaitwa hivyo juu ya isimbi, lile simbi jeupe, sababu kichwa chake kinakuwa cheupe theluji ikianguka. Na kwamba watu wa Ryangombe wakifa wanakwenda Karisimbi, lakini wengine wanatupwa katika moto wa Nyiragongo. Hayo si mafundisho ya kanisa letu. Lakini angalieni: ndani yake hakuna mzungu. Kuna mlima, baridi, moto, na watu wanaoogopa kufa. Na ule moto si wa uongo, Nyiragongo ilitapika 1977, tena 2002, tena 2021.

Nyumba nyingi za namna hiyo zimekwisha. Chupa ya Primus ilizishinda, vita nayo ikafukuza ba mama wenyewe. Pengine limebaki jina tu: mtu anamwambia shofere "niache kwa mama fulani", kumbe huyo mama amekufa zamani. Na Bukavu tuna mtaa wa Essence, jina la Kifaransa la mafuta ya motokari. Miaka 100 ikipita, watoto watasema kuna mzungu aliuliza!

Mwalimu mmoja alitujibu kwamba hizo ni hadithi za walevi. Pengine. Lakini mlevi aliieleza mbele ya watu kumi wanaojua ile barabara, na akidanganya walimpigia kelele. Karatasi yetu ya darasani hakuna aliyeipinga. Ilipata nane juu ya kumi.

Kwa hiyo tunamwomba prefe aturuhusu kufungua daftari moja. Likizo ikifika, kila mmoja aulize wazee wawili wa mahali pamoja, aandike maneno ya wote wawili hata kama yanapingana, pamoja na jina la mama aliyekuwa anauza pale. Akiletewa tena habari ya mzungu aliyeuliza, aiandike pia, asiifiche. Lakini mbele ya kufunga daftari amuulize yule mzee kwa adabu: "Na ninyi, muzee, mulikuwa munapaita namna gani?"